Urasimishaji wa ujuzi VETA: mwongozo kamili kwa fundi mwashi aliyejifunzia saiti

Wiki iliyopita amenijia fundi mwingine na kilio kilekile. Amejenga miaka kumi na moja, nyumba zake zimesimama wima, lakini kwenye tathmini ya urasimishaji, yaani ya kutambua rasmi ujuzi uliopatikana kazini, amerudishwa. Nikamuuliza walimkamatia wapi. Akasema mtathmini alimuuliza kwa nini analoweka tofali la kuchoma kabla ya kulijenga, naye akajibu, "Ndivyo tunavyofanya."

Hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia. Mkono unajua na mdomo haujui, na mtathmini hawezi kuandika kwenye fomu yake kitu ambacho hukukisema wala hukumwonesha. Mimi mwenyewe nilirudishwa mara ya kwanza, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya tatu.

Mwongozo huu ni wa fundi mwashi wa Tanzania aliyejifunzia kazini, bila kupita chuoni, anayetaka ujuzi wake utambuliwe na VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Wa useremala, upishi au ufundi magari atabadilisha mifano tu, njia ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho cha taifa, au angalau namba ya NIDA.
- Picha za pasipoti, nakala sita. Zitatumika baadaye pia.
- Cheti cha shule ulikoishia, kama unacho. Kama huna, sema huna. Usitengenezewe cha bandia kwenye steshenari.
- Daftari gumu la kurasa 96 na kalamu mbili.
- Simu yenye kamera.
- Majina na namba za watu watatu waliokuona ukifanya kazi: fundi aliyekufundisha, mwenye nyumba, msimamizi wa saiti.
- Vifaa vyako: mwiko, pima maji, timazi, kamba, futi, skwea, nyundo, kibao cha plasta.
- Buti ngumu, kofia ngumu, glavu na miwani ya kukinga macho.

Jambo moja kuhusu jina. Mtaani wanaweza kukuita Baba Rehema au Fundi Mrefu, lakini cheti kitaandikwa jina la kwenye kitambulisho. Kama kitambulisho kina majina matatu na cheti cha shule kina mawili, ulizia mapema linalohitajika ili yaoane. Kurekebisha jina baada ya cheti kutoka ni safari ya miezi.

## Hatua ya 1: Chagua fani moja na ngazi moja

Usiende kusema, "Mimi ni fundi ujenzi." Ujenzi ni bahari. Kuna uashi, useremala, bomba, rangi, umeme, uchomeleaji. Mtaani mtu mmoja anavigusa vyote, lakini tathmini inapima fani moja. Chagua ile ambayo ukiamshwa usiku wa manane unaweza kuifanya.

Halafu ngazi. Hapa mafundi wa zamani wanajichanganya sana. Kwenye mitihani ya zamani ya majaribio ya ufundi, daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza ndilo la juu. Kwenye mfumo wa sasa wa ufundi stadi ni kinyume: ngazi ya kwanza ndiyo ya chini, ya tatu ndiyo ya juu. Nimemwona mzee mmoja akikataa ngazi ya tatu akidhani anadharauliwa.

Ushauri wangu ni huu: kama unajenga kwa kuelekezwa na fundi mkuu, anza na ngazi ya kwanza. Kama unasoma ramani mwenyewe, unaseti msingi na kusimamia wenzako, ulizia ya pili. Usipande ngazi kwa sifa.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Naomba kutathminiwa uashi, ngazi fulani."

## Hatua ya 2: Nenda chuoni ukaulize kabla ya kulipa chochote

Nenda mwenyewe kwenye chuo cha VETA kilicho karibu na wewe. Usimtume mtu. Waulize haya, na majibu uyaandike daftarini:

1. Tathmini ya uashi inafanyika hapa, na dirisha la maombi linafungwa lini?
2. Gharama ni kiasi gani, na je, kuna awamu inayolipiwa na serikali?
3. Tathmini itafanyika chuoni au saiti ninapofanyia kazi?
4. Maswali ni ya kuandika au ya mdomo?
5. Vifaa na malighafi analeta nani?

Swali la pili lisikupite. Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikigharamia urasimishaji kwa awamu, kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Nafasi zikitangazwa hujaa haraka, na wanaozipata ni wale ambao namba zao za simu tayari zipo kwa mratibu. Acha namba yako.

Swali la nne ni la muhimu kwa fundi asiyejua kusoma vizuri. Tupo wengi, tusioneane haya. Sema mapema kwamba kusoma kunakusumbua na unaomba uulizwe kwa mdomo. Ukinyamaza mpaka siku yenyewe, utaonekana hujui kazi, kumbe hujui herufi.

Onyo: kuna vishoka. Akikuambia mtu kwamba cheti kinapatikana bila tathmini, huyo ni tapeli. Malipo ya serikali yanapita kwa namba ya malipo, ile kontroo namba, na risiti unapata. Ukiambiwa utume kwenye namba binafsi ya simu, ondoka.

## Hatua ya 3: Jenga daftari la ushahidi

Mara yangu ya kwanza nilikwenda na picha zaidi ya sitini kwenye simu. Nyumba zimepigwa rangi, mageti yanang'aa, maua yamechanua. Mtathmini akaziangalia tatu nne, akanirudishia simu, akaniuliza kwa upole, "Fundi, wewe uko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Nyumba iliyokamilika haisemi aliyeijenga. Inaweza kuwa yako, ya kaka yako, au umeipiga picha ukipita na daladala.

Picha inayokusaidia ni yenye mambo matatu: wewe mwenyewe, kazi ikiwa katikati, na kifaa mkononi. Wewe umeinama na pima maji juu ya kozi ya pili, yaani mstari wa pili wa tofali. Wewe unashusha timazi kwenye kona. Wewe unapima nafasi ya ringi kwenye nondo za nguzo. Mwambie saidia fundi akupige, sekunde kumi tu. Video fupi ni bora zaidi kama unaeleza unachofanya.

Daftarini, kila kazi ipe ukurasa wake. Andika tarehe ulipoanza na kumaliza, mahali, kazi uliyofanya wewe hasa, vipimo, mchanganyiko uliotumia, tatizo lililotokea na ulivyolitatua. Mwisho, jina na saini ya mwenye kazi.

Ukurasa mmoja wa daftari langu ulikuwa hivi (mota ni mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia tofali; 1 kwa 5 ni saruji kipimo kimoja, mchanga vitano):

> Ukuta wa uzio, Kivule. Mita 24. Tofali za nchi 6. Mota 1 kwa 5. Siku ya pili mvua ilinyesha, kozi mbili za juu zikasukumika. Nilibomoa kozi mbili, nikasafisha tofali, nikajenga upya, nikafunika na turubai.

Mtathmini alisoma ukurasa huo kuliko mwingine wowote. Mafundi huwa wanaficha makosa, wakati kosa lililotatuliwa ndilo linaloonesha umahiri kuliko ukuta ambao haukuwahi kupata shida.

Kama huandiki, mwambie mwanao wa shule aandike huku unamsimulia. Au jirekodi sauti kwenye simu kila jioni.

Utajua daftari limetosha mtu asiyekujua akilipitia na kusema ni kazi gani unaijua na ipi hujawahi kuigusa.

## Hatua ya 4: Ufundishe mdomo kile mkono unachokijua

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayorukwa na watu wengi. Ipe wiki tatu.

Kila jioni chukua kazi moja uliyofanya siku hiyo, ujiulize "kwa nini" mara mbili. Ukikosa jibu la pili, hapo pana pengo. Nakupa mifano minne inayoulizwa au inayofanana na inayoulizwa.

Kuloweka tofali. Kwa nini? Kwa sababu tofali la kuchoma likiwa kavu linafyonza maji ya mota. Kwa nini hilo ni baya? Kwa sababu saruji inahitaji maji hayo ili ishike. Ikinyang'anywa, mota inakuwa unga, na tofali utalibandua kwa mkono. Majibu mawili tu, na yule ndugu yangu angepita.

Pembe mraba. Sote tunaseti kona kwa 3, 4, 5. Mita tatu upande mmoja, mita nne upande wa pili, na kamba ya kukatisha isome mita tano. Mtathmini hataki hesabu za darasani. Anachoweza kukuuliza ni: ikisoma mita 5 na sentimita 6, utafanya nini? Jibu: kona imefunguka, imezidi nyuzi 90, kwa hiyo nairudisha kamba ndani mpaka isome tano kamili. Ikisoma pungufu, kona imejifunga, naisogeza nje. Kisha ukimaliza kona zote nne, pima mikato miwili ya nyumba nzima, kona kwa kona. Ikilingana, msingi uko sawa.

Mchanganyiko. Kila fundi anasema "moja, mbili, nne" kwa zege. Moja ya nini? Hapo ndipo kimya kinapotanda. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Kwa hiyo moja, mbili, nne kwa mfuko mmoja ni lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto. Maji ni kati ya lita 25 na 30, na upunguze kama mchanga umelowa. Nasema ndoo kwa makusudi. Toroli hazilingani, na koleo la asubuhi si koleo la saa kumi jioni, saidia fundi akishachoka.

Maji ndiyo yanayoua zege mtaani. Zege la uji linamwagika vizuri, wabebaji wanafurahi, lakini yale maji yaliyozidi yakishakauka yanaacha vitundu, na nguvu inashuka. Sema hivyohivyo mbele ya mtathmini.

Kumwagilia. Ukiulizwa kwa nini unamwagilia zege siku saba, usiseme "lisipasuke" ukaishia hapo. Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Linakomaa, na linakomaa kwa maji. Likikauka mapema linaacha kuongeza nguvu. Ile namba kwenye mfuko, 32.5 au 42.5, ni nguvu ya saruji inayopimwa maabara ikiwa na umri wa siku 28. Mtaani, 32.5 inafaa kujengea na kupiga plasta, na 42.5 tunaiweka kwenye nguzo, bimu na slabu.

Sasa suala la majina. Kila saiti ina Kiswahili chake. Wewe unasema simenti, fomu inasema saruji. Unasema reshio, wao wanasema uwiano. Mtu wa Moshi na mtu wa Mtwara wanaweza wasielewane kwa jina la kifaa kilekile. Panga vifaa vyako chini, mwombe fundi aliyepita chuoni akutajie kila kimoja wanavyokiita huko, uandike majina yote mawili. Jioni moja inatosha.

Onyo: usikariri majibu ya mtu mwingine. Mtathmini akibadilisha swali kidogo utajulikana, na kuanzia hapo hata unachokijua kweli atakitilia shaka.

## Hatua ya 5: Usalama, hata kama saiti yenu hawaujali

Tuseme ukweli. Saiti nyingi tunafanya kazi na kandambili. Ukienda kwenye tathmini hivyo, unaweza kurudishwa kabla hujashika mwiko.

Anza kuvaa buti na glavu mwezi mmoja kabla. Sababu ni ya mwili tu: mkono usiozoea glavu unashika mwiko vibaya, na siku ya tathmini utaonekana mwanafunzi.

Jua haya ya kusema. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, kwa hiyo ikikurukia unaosha kwa maji mengi papo hapo, usingoje kumaliza kazi. Jukwaa la mirunda unalikagua kila asubuhi: kamba, misumari, miguu ya mirunda. Mtaro wenye kina kirefu kwenye udongo tifutifu unauegemeza kwa mbao kabla ya kuingia, na udongo uliochimbwa unaurundika mbali na ukingo. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu 2003. Huhitaji kukariri vifungu vyake, jua tu kwamba ipo na inamhusu pia mwajiri wako.

## Hatua ya 6: Jipime nyumbani kwa saa tatu

Tafuta tofali 30 za nchi 6 na mchanga. Badala ya saruji, changanya mchanga na chokaa, au hata udongo mfinyanzi. Utajenga, utabomoa, utaosha tofali na kurudia. Hupotezi hela.

Jenga kona yenye kozi nne, kila upande kama mita moja na nusu. Weka saa. Ukimaliza, usijisifu, pima:

- Pima maji juu ya kozi ya mwisho, pande zote mbili: kitone kiwe katikati.
- Timazi kwenye kona: kamba isigusie juu ikaachia chini.
- Sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, mkato usome 100. Ni ileile 3, 4, 5, imepunguzwa.
- Viungo vya mota viwe karibu milimita 10, na vilingane.
- Kiungo cha wima cha kozi moja kisikae juu ya kiungo cha kozi ya chini. Tofali lipandane nusu kwa nusu.

Mwalike fundi mwenzako mkorofi, yule anayependa kukosoa. Mpe futi apime yeye. Rafiki mpole hakufai hapa.

Utajua uko tayari ukijenga kona tatu, siku tatu tofauti, zote zikapita vipimo na eneo likabaki safi. Usafi unapimwa. Fundi mzuri akimaliza kazi, vifaa vimeoshwa na mabaki ya mota hayajatapakaa.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika saa moja kabla ya muda uliopangiwa. Kagua vifaa ulivyopewa. Kama pima maji ya chuo huiamini, igeuze upande wa pili ukutani: ikisoma tofauti ni mbovu, na kumwambia mtathmini hivyo ni ushahidi mzuri kuliko picha kumi.

Soma au sikiliza maelekezo yote kabla ya kugusa tofali. Usipoelewa, uliza. Kazini tunauliza, kwa nini hapa tuogope?

Ukiharibu, sema umeharibu, bomoa, rudia. Mtathmini anatazama utakavyofanya baada ya kosa. Usifunike kwa mota.

## Hatua ya 8: Ukipewa majibu

Majibu hayaji kwa alama kama mtihani wa darasa la saba. Unaambiwa umefikia umahiri, au bado. Unaweza kuwa umefikia kwenye kujenga ukuta na plasta, na bado kwenye kusoma ramani.

Ukiambiwa bado, usiondoke na neno hilo peke yake. Omba uandikiwe ni maeneo gani hasa, kisha ulizia mafunzo mafupi ya kuziba mapengo hayo. Mimi nilikaa na mwalimu wa ramani jioni kadhaa, nikajifunza kusoma vipimo vya skeli ya 1 kwa 100, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja ardhini. Miaka yote nilikuwa namsubiri fundi mkuu anisomee kitu hicho.

Ukiambiwa umefikia, na cheti kikatoka, kisome hapohapo dirishani kabla ya kusaini: majina, fani, ngazi, tarehe. Piga nakala tano, mbili zithibitishwe na wakili au mahakamani, cha asili kikae nyumbani kwenye bahasha ngumu. Saiti peleka nakala, maana saiti kuna maji, kuna saruji, na kuna wenye mikono mirefu.

Daftari usilitupe. Ukurasa unaofuata ni wa kazi ya Jumatatu, na ngazi inayofuata itakudai kurasa zilezile.